Karavani ya 1964 na godoro lililolowa: uchambuzi wa kisa kimoja cha baridi kali

"Fundi, hita nimeweka kubwa kuliko ile ya kwanza, kila tundu nimeliziba, na godoro bado linalowa. Njoo uniangalizie paa, nahisi linavuja."

Kisa kilianza kwa simu hiyo. Mwenye karavani, yaani nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, ni mzee mstaafu. Yeye na mkewe waliinunua karavani hiyo ikiwa imekaa bandani miaka mingi, wakaipaka rangi, wakashona mapazia mapya, wakaitumia majira mawili ya joto bila shida yoyote. Mwaka wa tatu wakaamua kuitumia hata baridi ikiingia. Walipolala humo siku nne tu, vioo vilikuwa vinatiririka maji, vichwa vya skrubu za fremu za madirisha vimeota vidoti vyeupe vya barafu, na upande wa chini wa godoro umelowa kama nguo iliyokamuliwa nusunusu. Bomba la sinki lilikuwa limepasuka. Halafu mzee akaongeza, kama jambo la pembeni, kwamba mama anaamka kila asubuhi kichwa kinamuuma.

Hilo la kichwa ndilo lililonitisha. Nikamuuliza hita yenyewe ni ya namna gani. Ni ya gesi, akasema, ile ya kuweka katikati ya chumba, moto unawaka wazi nyuma ya wavu, bomba la kutoa moshi haina. Nikamwambia: "Mzee, zimeni hiyo hita sasa hivi, fungueni mlango, na leo msilale humo." Moto unaowaka ndani ya chumba kilichozibwa hula hewa ileile mnayovuta, na hewa ikipungua, gesi haiungui vizuri, inatoa kaboni monoksidi. Sumu hiyo haina rangi wala harufu. Huanza na kichwa kuuma, na anayelala nayo anaweza asiamke. Mambo ya unyevu na mabomba yangeweza kusubiri. Hilo halikuwa la kusubiri.

Chombo chenyewe

Karavani ina urefu wa mita 4.9, upana wa mita 2, na kimo cha ndani karibu mita 2. Imejengwa kama zilivyojengwa nyingi za ukubwa huo miaka ile: fremu ya mbao nyembamba, bati la alumini nje, plaiwudi nyembamba ndani, na katikati pamba ya kioo. Ukuta mzima, kutoka nje hadi ndani, haufiki sentimita 5. Sakafu ni plaiwudi iliyolazwa juu ya chasisi ya chuma, na chini yake ni hewa ya barabarani. Madirisha yote ni ya kioo kimoja. Mawili ni ya luva, yale ya vipande vinavyofunguka pamoja kwa mkono mmoja. Hata ukiyafunga kwa nguvu, karatasi inapita kati ya kipande na kipande.

Walioijenga hawakukosea. Waliijengea likizo za kiangazi, nao walitaka kitu chepesi ambacho gari la kawaida litakivuta bila kuhema. Anayetaka kuitumia wakati wa theluji anaiomba kazi ambayo haikuumbiwa, kwa hiyo inabidi ajue ni wapi itashindwa kwanza.

Nitaje hapa kwamba karavani za alumini za kampuni ya Airstream, zilizopigwa ribiti nje na ndani, zina udhaifu wa aina nyingine. Mbavu zake nazo ni za alumini, na alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao, hivyo kila ubavu unakuwa njia ya baridi kufika ukuta wa ndani. Hii ya mzee ina mbavu za mbao. Ni heri kubwa, maadamu mbao hazijaoza.

Maji yalitoka wapi

Paa lilikuwa linavuja kweli, nitalieleza baadaye. Lakini mvujo ule usingeweza kulowesha godoro lote kwa siku nne ambazo mvua haikunyesha na theluji iliyoko juu haikuyeyuka. Nikataka kujua maji yanazalishwa wapi kabla ya kushika bisibisi.

Tulilala humo usiku mmoja, mimi na mzee, tukipasha chumba kwa hita mbili ndogo za umeme, matundu yakiwa yamezibwa vilevile alivyokuwa ameyaziba. Nje ilikuwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Saa kumi na moja alfajiri niliamka na tochi. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 18, kipimaunyevu asilimia 75. Kwa hewa ya namna hiyo, kitu chochote chenye ubaridi wa nyuzi 13 na nusu au chini yake lazima kitoe jasho. Hicho ndicho kiwango cha umande. Nikapima nyuso moja moja. Ukuta ulio wazi: nyuzi 13. Kioo: karibu nyuzi 3 chini ya sifuri, na barafu ilikuwa imechora majani upande wa ndani. Nikapenyeza mkono kati ya godoro na ukuta. Hapo palikuwa na nyuzi 5, na vidole vilitoka vimelowa.

Kwa nini nyuma ya godoro kuna baridi kuliko ukuta wa wazi, wakati ni ukuta uleule? Kwa sababu godoro lenyewe linazuia joto la chumba lisifike ukutani, ila halizuii mvuke. Mvuke unapita kwenye sponji, unafika kwenye plaiwudi baridi, unageuka maji, na maji yanakaa hapo kwa kuwa hewa haipiti. Chini ya godoro ni vilevile, maana kitanda kilikuwa sanduku la plaiwudi lililofungwa pande zote.

Sasa tuhesabu. Mtu aliyelala hutoa gramu 40 hivi za maji kwa saa, kwa pumzi na jasho. Wawili kwa saa nane ni gramu 640, zaidi ya nusu lita. Chumba hiki kina hewa ya mita za ujazo 20 hivi, na hewa yote hiyo, ikiwa nyuzi 18, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 310 za mvuke. Maana yake, hata kama mngeanza usiku hewa ikiwa kavu kabisa, pumzi za watu wawili zingeijaza na kuifurisha mara mbili kabla hakujakucha. Kinachozidi lazima kitue mahali.

Na hiyo ni pumzi peke yake. Kilo moja ya propeni (gesi ya mtungi) ikiungua hutoa kilo 1.6 za maji. Hita ya mzee, ikiwaka kwa kilowati 3, inachoma gramu 230 za gesi kwa saa, basi inamwaga chumbani gramu 380 za maji kila saa. Ni sawa na kualika watu tisa au kumi wengine waje walale humo. Alipoona maji akaongeza moto, na kila alipoongeza moto aliongeza maji. Alipoona maji hayaishi akaziba matundu, akidhani unyevu unatoka nje.

Namwelewa kabisa. Ukishika ukuta uliolowa wakati wa baridi, akili inakwambia baridi na maji vimeingia pamoja. Lakini hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu 2 na kidogo za maji kwa kila mita ya ujazo. Ukiiingiza ndani na kuipasha moto ni kavu sana, tayari kunywa mvuke wote mnaoutoa. Kwa pumzi za watu wawili, mita za ujazo 14 za hewa ya nje kwa saa zinatosha kushikilia unyevu kwenye asilimia 50. Na gharama ya kuipasha hewa hiyo? Wati 130 tu. Karavani nzima, jinsi ilivyokuwa, ilikuwa inapoteza karibu wati 3,000. Mzee alikuwa ameokoa wati 130 kwa kuziba matundu, akalipa kwa godoro, na angeweza kulipa kwa roho mbili.

Kwa hiyo mpango wangu ukawa huu, na nadhani ndio mpango wa karavani yoyote ya zamani: kwanza ikauke, halafu ndipo tufikirie joto.

Kona ya nyuma

Kutafuta mvujo kwa kumwagia maji ni kazi ya kubahatisha, kwa sababu maji huingia hapa yakatokea mita mbili mbele. Nilifunga feni kwenye tundu la paa, ikivuta hewa ya nje na kuisukuma ndani, nikafunga milango na madirisha, nikaziba matundu mengine yote kwa utepe, kisha nikapita nje na brashi na maji ya sabuni kwenye kila ungio, kila taa, kila fremu. Penye ufa, povu linachemka. Kazi hii ifanye siku isiyo na baridi ya kugandisha, au ndani ya banda, vinginevyo sabuni inakugandia mkononi.

Tulipata sehemu tisa. Nane zilikuwa ndogo. Ya tisa ilikuwa kona ya nyuma, juu, chini ya taa ndogo nyekundu. Nilipofungua reli ya alumini inayofunika ungio la kona, puti ya zamani ilidondoka kwa vipande vikavu kama udongo wa chungu kilichovunjika. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye mbao iliyo chini yake, nikasukuma kwa kidole kimoja. Ikazama hadi mpini. Mbao ilikuwa nyeusi, ukiibana inatoa maji, na ilinuka uyoga. Uozo ulishuka sentimita 60 kutoka kona, ukapinda kuelekea dirisha la nyuma, ambako ulikuwa unakutana na uozo mwingine uliotokana na jasho la kioo. Hapo maji ya nje na maji ya ndani yalikuwa yamesaidiana.

Tuling'oa plaiwudi ya ukuta wa nyuma na ya upande wa kitanda, tukatoa pamba ya kioo iliyokuwa imelala chini ya kila chumba cha fremu kama paka aliyejikunja (juu palikuwa patupu kabisa), tukakata mbao zilizooza hadi kwenye mbao nzima, tukaunganisha mpya. Kisha tukaacha kuta wazi wiki mbili, feni ikivuma. Mzee alitaka tufunge mapema. Nilimwomba asubiri, kwa sababu kufunga mbao mbichi ndani ya ukuta ni kuanza uozo upya kwa mkono wako mwenyewe.

Mtu fulani huko nyuma alikuwa amepaka silikoni juu ya maungio ya paa. Silikoni ina kazi zake, lakini kwenye bati la karavani la zamani inaleta shida moja kubwa: ikishakaa, karibu hakuna kingine kinachoshika vizuri juu yake. Tuliikwangua siku mbili nzima. Badala yake tuliweka utepe wa butili, mpira laini unaonata, chini ya kila reli na kila taa, tukafunga kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, na kuzikaza tena baada ya siku kadhaa, butili ilipokuwa imejikalia.

Ndani ya ukuta

Nafasi iliyopo kati ya bati na plaiwudi ni milimita 38. Huwezi kuiongeza bila kula chumba, kwa hiyo tulitafuta kinachozuia joto zaidi kwa unene uleule: vibao vya povu ngumu, vilivyokatwa viingie kwa kubana kati ya mbao, kingo zikazibwa kwa povu la kopo lile lisilovimba sana. Nasisitiza lisilovimba sana. Povu la kawaida likinyunyizwa nyuma ya bati jembamba linaisukuma bati itoke kitambi, na halirudi. Wala usijaze ukuta mzima kwa povu la kopo, maana maji yakiingia tena yanafungiwa kwenye mbao na hutayaona hadi bisibisi izame.

Upande wa ndani, kabla ya plaiwudi kurudi, maungio yote tuliyafunika kwa utepe wa alumini ili mvuke wa chumba usipenye ukutani. Nyaya za umeme zilizopita humo tulizikagua moja moja. Mbili ganda lake lilikuwa linavunjika kwa kuguswa, tukazibadilisha. Ukuta ukishafungwa hutaziona tena.

Kwenye kona iliyopinda nyuma ya kabati, kibao kigumu hakikukubali kukunjika. Nilikuwa na haraka. Nikabandika ile karatasi ya fedha yenye mapovu ya hewa moja kwa moja kwenye bati na kusonga mbele. Nilikosea, na matokeo yake yanakuja hapo chini. Karatasi hiyo inafanya kazi kwa kurudisha mionzi ya joto, na ili irudishe inahitaji nafasi ya hewa mbele yake. Ikigusana na bati upande mmoja na plaiwudi upande wa pili, haina kazi yoyote ya maana.

Madirisha hatukuyabadilisha. Ni uzuri wa karavani yenyewe, na mama asingekubali. Tuliweka mipira mipya kwenye fremu, kisha kwa ndani tukaongeza kipande cha akriliki (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) cha milimita 3 kwenye kila dirisha, kimeshikwa na utepe wa sumaku ili kitoke kwa mkono. Dirisha lililo karibu na kitanda ndilo mlango wa pili moto ukitokea, kwa hiyo akriliki yake ina kamba ya kuvutia, na nilimtaka kila mmoja wao aitoe gizani mara tatu nikiwa nimesimama na saa.

Chini ya sakafu tuliweka povu kati ya vyuma vya chasisi na kulifunika, tukiacha vitundu vya maji kutokea. Wakiegesha kwa muda mrefu wanazungushia pazia zito kuanzia ukingo wa chini hadi ardhini ili upepo usipite chini. Pazia hilo lisifunike bomba la moshi la hita wala tundu la chini la kasha la mitungi. Propeni ni nzito kuliko hewa, huzama, na tundu lile limewekwa chini ili gesi ikivuja itoke nje.

Kitanda ndicho kilichotugharimu kidogo zaidi na kutupa faida kubwa zaidi. Sanduku la plaiwudi tulilitoboa, juu tukaweka vipande vya mbao vilivyoachana, na godoro tukalisogeza sentimita 4 kutoka ukutani, likazuiwa na ubao mwembamba lisirudi. Kama una siku moja tu ya kazi na karavani yako inatoa jasho, anza na hapo.

Moto

Hita ya wazi iliondoka. Ile ya asili ya 1964 bado ilikuwepo chini ya kabati, lakini chumba chake cha moto kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ufa huo ndio unaochanganya moshi na hewa ya kulala. Haikufaa kutengenezwa. Tuliweka hita inayovuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje, moto ukiwa umefungwa kabisa na chumba. Maji yote ya kuungua yanatoka na moshi.

Ukubwa wake tuliukokotoa, hatukukisia. Kabla ya kazi, kwa tofauti ya nyuzi 28 kati ya ndani na nje, karavani ilikuwa inapoteza kilowati 3. Baada ya kuta, madirisha na sakafu, hesabu ilishuka hadi kilowati 1.6, tundu la hewa likiwa wazi. Hita ya kilowati 3.5 inatosha na kubaki. Kwa gesi, ni kama kupunguza karibu nusu ya matumizi kwenye baridi ya aina hiyo.

Regulata (kifaa cha kupunguza presha ya gesi) na mipira ya gesi tulitupa vyote, maana mpira wa zamani ukikutana na baridi unapasuka unapoukunja. Bomba la shaba lilipimwa kwa presha, kisha maungio yakapakwa sabuni. Mitungi ni ya propeni tupu. Hili watu hulisahau: biuteni huacha kugeuka gesi joto likifika karibu na sifuri, mtungi umejaa na moto hauwaki, wakati propeni huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. King'ora cha kaboni monoksidi kipo karibu na kitanda, na cha gesi kipo chini, usawa wa sakafu.

Hita hii ina feni, na feni inakula betri. Ampea 3 au 4 ikizunguka nusu ya usiku ni karibu ampea-saa 20. Si nyingi, ila betri ya asidi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na kama nusu ya uwezo wake, na ikiachwa tupu hugandia kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka. Iliyojaa haigandi kirahisi. Mzee alifikiria kununua ya lithiamu, nikamweleza kwamba zile za fosfati ya chuma hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri, hivyo lazima ikae sehemu yenye joto. Amebaki na ya asidi, kwenye kasha lenye tundu la kutolea hewa nje.

Maji ya bomba tuliyaacha

Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9. Bomba halipasuki lazima pale barafu ilipo. Barafu inasukuma maji kuelekea bomba lililofungwa, na presha inapasua sehemu dhaifu iliyo kati. Ndiyo maana la mzee lilipasuka chini ya sinki, wakati barafu ilikuwa kwenye ukuta wa nje.

Tungeweza kuhamishia mabomba yote ndani na kuzungushia waya wa kupasha. Kwa watu wawili wanaokaa siku nne au tano, naona ni kazi isiyo na sababu. Wakati wa baridi wanatumia madumu yanayokaa ndani, na mfumo mzima unalala. Tunafungua vali za chini, tunamwaga tangi na hita ya maji, tunasukuma hewa kwa presha isiyozidi bari 2, hita ya maji inarukwa, kisha kiowevu cha kuzuia kuganda kinapitishwa mpaka kitoke na rangi yake kwenye kila bomba. Kiwe cha propileni glikoli. Kile cha injini ya gari, ethileni glikoli, ni sumu na hakitakiwi kabisa kwenye maji ya kunywa. Kikombe kimoja cha hicho cha propileni glikoli kinamiminwa kwenye kona ya bomba chini ya sinki, ambako maji hubaki siku zote.

Matairi yalikuwa na kashata nzuri, ila tarakimu nne za ubavuni zilionyesha yana miaka 11. Yalibadilishwa, na beringi zikapakwa grisi mpya. Theluji ya paani wanaifagia asubuhi kwa brashi laini: paa la mita za mraba 10 likibeba sentimita 30 za theluji iliyoshindiliwa linaweza kuwa limebeba kilo 600 na zaidi, na mbao zile hazikupangiwa mzigo huo.

Usiku wa pili wa vipimo

Walilala humo wenyewe, nje nyuzi 11 chini ya sifuri, tundu la paa wazi sentimita 2 na lile la chini karibu na mlango wazi pia. Nilikuwa nimewapa vipimo na karatasi ya kuandikia. Saa kumi na mbili asubuhi: nyuzi 17, unyevu asilimia 50. Akriliki ilikuwa kavu isipokuwa uzi mwembamba wa umande kwenye ukingo wa chini. Nyuma ya godoro nyuzi 12, pakavu. Niliwaomba waweke gazeti chini ya godoro usiku ule, na mama alilitoa likiwa bado linachakacha.

Nyuma ya kabati, kwenye ile kona yangu ya karatasi ya fedha, palikuwa na nyuzi 4 na maji yakidondoka kwenye sakafu ya kabati. Kwa sasa mzee ametoboa mlango wa kabati juu na chini ili hewa ya joto ipite, na pamepungua, hapajaisha. Majira ya joto nitang'oa plaiwudi ile, nikate povu kwa vipande vyembamba vifuate mkunjo, niweke kile nilichopaswa kuweka mara ya kwanza.

Kichwa cha mama hakijauma tena tangu hita ile itoke. Kipimaunyevu kipo upande wake wa kitanda. Kikipita 60 anaamka, anafungua tundu la paa sentimita moja zaidi, anarudi kulala.